Mgonjwa Anayesemekana Anaigiza: Mwongozo Kamili kwa Maafisa wa Kliniki na Wauguzi wa Magharibi mwa Kenya

Katika kazualti nyingi, kuanzia Nakuru hadi Busia, kuna mgonjwa ambaye huhukumiwa kabla hajalazwa kitandani. Mara nyingi ni msichana au mama kijana. Amebebwa mzobemzobe na watu watatu, amefumba macho, anatupa mikono huku na huku, na nyuma yake jamaa wanapiga mayowe. Mhudumu anamtupia jicho mara moja kisha anamwambia mwenzake, "Huyu ni histeria, mwache kwanza."

Hapo mlango umefunguliwa kwa makosa mawili. Ugonjwa unaoua unaweza kupita bila kuonekana kwa sababu tu umekuja na kelele. Au mtu mwenye ugonjwa wa kiutendaji, yaani viungo na ubongo ni vizima lakini kazi yake imevurugika, anarudishwa nyumbani na fedheha badala ya tiba, na wiki ijayo analetwa tena akiwa na hali mbaya zaidi.

Mwongozo huu ni wa aliye zamu katika hospitali ya kaunti ndogo au kituo cha afya, ambako daktari wa magonjwa ya akili yuko mbali na usiku umeingia. Ninachokishikilia kutoka mwanzo hadi mwisho ni hiki: namna mtu anavyoyaonyesha mateso yake haikuambii chanzo cha mateso hayo. Chanzo hutafutwa kwa mikono, kwa vipimo na kwa masikio.

Kabla ya yote: maswali mawili, si moja

Swali la kwanza ni kama dalili hii, yaani kupooza, kuanguka, kupoteza sauti au kutoona, ni ya kiutendaji. Swali la pili ni kama mtu huyu ana tatizo la haiba, hasa lile liitwalo haiba ya kihistrioniki, la mtu anayetaka kutazamwa kila wakati na kuonyesha hisia zake kwa vishindo. Wahudumu wengi huyajibu yote mawili kwa pumzi moja, na jibu huwa baya kwa yote mawili.

Mchanganyiko huu ni wa zamani. Katika karne ya 19, Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa wa mishipa ya fahamu, aliwaonyesha wagonjwa wa histeria mbele ya hadhira katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, na kwa miaka mingi baada yake ugonjwa na tabia viliwekwa katika kapu moja. Mwaka 1980 toleo la tatu la mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-III, lilivitenga: dalili za mwili zikaenda upande wake, mtengano wa fahamu upande wake, na haiba ya kihistrioniki ikawekwa kati ya matatizo ya haiba. Wodini kwetu bado vinachanganywa. Ukweli ni kwamba wagonjwa wengi wa dalili za kiutendaji hawana haiba ya kihistrioniki hata kidogo. Nimewaona mafundi wapole, walimu wasiopenda kusema, na mama wa kanisa ambaye hakuwahi kuinua sauti maishani mwake.

Kwa hiyo kwenye faili andika dalili uliyoiona. Habari ya haiba iache kabisa siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: ondoa kinachoua

Pima sukari ya damu kwanza. Pima kabla hujauliza swali lolote, hata kama mgonjwa anaonekana kukukodolea jicho la pembeni. Baada ya sukari: oksijeni, presha, joto la mwili, kipimo cha malaria, na kipimo cha mimba kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Mjamzito wa zaidi ya wiki 20, au aliyejifungua karibuni, akitukutika, huyo ni wa kifafa cha mimba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa hicho, haimngoji daktari wa akili.

Ukanda wetu una magonjwa yake yanayojifanya histeria. Kandokando ya Ziwa Victoria, malaria iliyopanda kichwani inaweza kuanza na mtu kuropokwa, kupiga watu na kukataa kushikwa. Homa ya uti wa mgongo, pamoja na ile ya kuvu wa kriptokokasi kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, huja polepole na maumivu ya kichwa na tabia iliyobadilika. Busia na sehemu nyingine ambako nguruwe huzurura, mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa, viluwiluwi vyake huingia ubongoni na kuleta kifafa cha ukubwani, kwa hiyo mtu wa miaka 30 anayeanguka kwa mara ya kwanza anastahili picha ya ubongo. Mtoto mwenye selimundu aliyelegea upande mmoja asubuhi amepata kiharusi, hajagoma kwenda shule. Anayekabwa akiletewa maji, muulize kama aliumwa na mbwa, kwani huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyepooza kuanzia miguuni kwenda juu, huku magoti hayaruki ukiyagonga kwa nyundo, mpeleke akaangaliwe kupumua kwake.

Hili linalofuata nataka ulisome mara mbili. Mtoto au kijana ametapika, akapelekwa zahanati, akachomwa metoklopramidi, dawa ambayo wengi wanaiita Plasil. Saa chache baadaye shingo inapinda upande, macho yanapanda juu na kukwama huko, ulimi unatoka, taya linakaza. Akili yake ni timamu kabisa, anasikia kila neno, na hali inakuja na kuondoka. Nyumbani watasema mapepo, na hospitalini kuna atakayesema anaigiza. Ni madhara ya dawa. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, nayo huyaleta vilevile. Promethazini au bensiheksoli huiachia misuli hiyo, mara nyingi katika muda wa saa moja, na pastori aliyekuwa njiani anakuta mtoto anakunywa uji. Kwa hiyo kila mwenye mikao ya ajabu muulize: umekunywa au umechomwa dawa gani tangu juzi?

Hatua ya pili: tafuta dalili inayothibitisha

Vipimo kuwa safi si uthibitisho wa ugonjwa wa kiutendaji. Wala msongo wa mawazo si uthibitisho, kwa maana nani asiye na msongo mwezi wa mitihani ya KCSE au wiki ya karo? Tangu DSM-5, toleo la tano la mwongozo ule wa Marekani, la mwaka 2013, ugonjwa huu hautambuliwi kwa kukosa majibu mengine. Unatambuliwa kwa ishara zinazoonekana mwilini. Ukishindwa kuzionyesha, andika kwamba chanzo bado hakijulikani, na uendelee kutafuta.

Mguu uliopooza upande mmoja

Ishara niitumiayo zaidi ni ya Hoover, iliyoelezwa na daktari Mmarekani Charles Hoover mwaka 1908. Haihitaji kifaa chochote. Mlaze mgonjwa chali. Tuseme mguu wa kushoto ndio anaosema hauna nguvu. Pitisha kiganja chako chini ya kisigino cha kushoto na umwombe aukandamize mguu huo chini, kitandani. Utasikia hakuna kitu, au nguvu kidogo tu. Kiganja chako kikae palepale. Sasa weka mkono wako wa pili juu ya mguu wa kulia, ule mzima, na umwombe auinue huku wewe ukiukandamiza chini. Mwambie aufikirie ule wa kulia tu. Ikiwa udhaifu ni wa kiutendaji, kisigino cha kushoto kitakandamiza kiganja chako kwa nguvu ambayo dakika moja iliyopita haikuwepo. Njia ya nguvu ni nzima, na inafanya kazi mgonjwa akiisahau.

Rudia mara mbili. Maumivu ya nyonga yanaweza kukudanganya, na mtu aliyepata kiharusi akapuuza upande mmoja wa mwili wake anaweza kukudanganya pia, kwa hiyo ishara hii isome pamoja na uchunguzi wote. Usiifanye kama mtego. Ukiiona, mwonyeshe mgonjwa mwenyewe, hata aweke mkono wake hapo asikie. Nitaeleza mbele kwa nini.

Mtetemeko

Mwombe agonge meza kwa mkono mzima akifuata mdundo wako, kwanza polepole, kisha haraka. Mtetemeko wa kiutendaji husimama, au hufuata mdundo huo. Wa ugonjwa wa Parkinson huendelea na mwendo wake.

Kuanguka na kutukutika

Hapa ndipo uamuzi ni mgumu na ndipo watu hudhuriwa zaidi. Kifafa cha kawaida cha mwili mzima huisha ndani ya dakika mbili hivi, macho yakiwa wazi, na baadaye mtu hukoroma na kuchanganyikiwa. Katika degedege la mtengano, yaani lile la kiutendaji lisilo kifafa, macho huwa yamefumbwa na kope hukaza ukijaribu kuzifungua. Tukio huvuta zaidi ya dakika tano, hupanda na kushuka, kichwa huenda upande na upande, mikono na miguu haiendi pamoja, na mara nyingine mtu hulia machozi katikati yake. Baadaye baadhi hukumbuka yaliyosemwa juu yao, jambo ambalo peke yake linatosha kukufanya uchunge ulimi.

Usihukumu kwa ishara moja. Kukojoa na kuumia hutokea pande zote mbili. Kung'ata ulimi pembeni huelekea zaidi kwenye kifafa. Kifafa kinachoanzia sehemu ya mbele ya ubongo huwa na vituko vya ajabu sana na huja usiku. Na wapo wenye magonjwa yote mawili, ndiyo maana usimwachishe mtu dawa ya kifafa kwa sababu ya tukio moja uliloliona.

Kifaa bora katika kazi hii kiko mfukoni mwa kaka yake mgonjwa. Waambie jamaa wapige video ya tukio lijalo tangu mwanzo hadi mwisho, waonyeshe uso na macho, kisha wasiitume kwenye kundi lolote. Video ya dakika tatu imewasaidia madaktari wa mishipa ya fahamu kuamua mambo ambayo maelezo ya mdomo yalishindwa.

Yasiyofaa kufanywa

Pamba ya amonia puani, kukandamizwa kifua kwa kifundo cha kidole, kubanwa kucha kwa kalamu, kuangushiwa mkono wake usoni: haya yote nimeyaona yakifanywa, katika hospitali nitakayoiacha bila jina, na aliyeyafanya aliyaita vipimo. Hayapimi kitu. Ni adhabu. Hatari zaidi ni diazepamu, dawa ya kuzima degedege, inayorudiwarudiwa kwa sababu "hajatulia." Kifafa cha kweli kikipita dakika tano, itumie kama mwongozo wa dharura unavyosema. Degedege la mtengano halizimwi na diazepamu, na kipimo cha tatu au cha nne kinaweza kuzima pumzi ya mtu ambaye ubongo wake haukuwa na hitilafu. Mlaze ubavu, ondoa watazamaji, mwambie kwa sauti ya chini kwamba yuko mahali salama na kwamba litapita. Mhudumu mmoja abaki naye.

Na je, ukikosea? Mwaka 1965 daktari wa akili wa Uingereza Eliot Slater alionya kwamba wengi walioitwa wenye histeria walikuja kugunduliwa magonjwa ya mwili. Onyo hilo lilikuwa la haki kwa wakati wake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuta kwamba tangu miaka ya 1970 makosa ya aina hiyo yameshuka hadi takriban asilimia 4. Ni kiwango kinachofanana na cha magonjwa mengine ya fahamu na akili, ilimradi uchunguzi umefanywa kwa makini.

Hatua ya tatu: msikilize akiwa peke yake

Mtoe mama nje. Mtoe mume, mwalimu, shangazi, mchungaji. Fanya hivyo kwa heshima na kwa kila mgonjwa, ili isionekane umemshuku mtu: "Mama, ni utaratibu wetu, nitaongea na binti kidogo kisha nitakuita." Mbele ya watu utapata historia ya familia. Akiwa peke yake utapata historia yake.

Uliza ilianza lini, saa ngapi, alikuwa wapi na nani. Uliza kama kuna mtu nyumbani ameugua au amefariki, na aliugua vipi, maana mwili mara nyingine huiga ugonjwa uliouona karibu. Kisha uliza kwa maneno ya wazi: "Kuna mtu anayekuumiza, au anayekugusa usipotaka?" Wengi watasema hapana, na kwa wengi ni hapana ya kweli. Maisha yenye madhila huongeza hatari ya ugonjwa huu, lakini yapo magonjwa ya kiutendaji yaliyoanza baada ya kuteguka kifundo cha mguu tu, bila siri yoyote nyuma yake. Usichimbe ukilazimisha jeraha lipatikane.

Ikiwa ni ndiyo, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72, na za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, hujazwa hospitalini. Fomu ya P3 ni ya polisi, na matibabu hayangoji ripoti ya polisi. Mgonjwa akiwa mtoto, afisa wa watoto ahusishwe, na asirudishwe kulala nyumba moja na anayetuhumiwa. Namba 1195 ni ya msaada wa ukatili wa kijinsia na 116 ni ya watoto.

Pima pia huzuni na wasiwasi. Kwa huzuni, dodoso la PHQ-9 lipo kwa Kiswahili na limetumika sana katika kliniki za magharibi mwa nchi. Swali lake la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru, lisirukwe hata siku moja. Mgonjwa akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama ana kitu mkononi. Mashambani kwetu kitu hicho mara nyingi ni dawa ya wadudu. Mhakikishie kwamba anaweza kusema bila woga; Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba.

Hatua ya nne: mweleze, na umweleze vizuri

Hii ndiyo tiba ya kwanza, na ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kuna sentensi mbili zinazoharibu kila kitu: "Huna ugonjwa" na "Ni mawazo tu." Ya kwanza si kweli. Ya pili mgonjwa huisikia hivi: wewe ni mwongo, au wewe ni mwendawazimu.

Jaribu namna hii. Binti wa kidato cha tatu ameketi kitandani, mama yake amesimama pembeni akiwa ameshika mkoba kifuani.

"Nimemaliza kukupima. Ulicho nacho kinajulikana, na tunakiona mara kwa mara. Hujajifanya, wala hukukiita. Weka mkono wako hapa chini ya kisigino. Sasa inua ule mwingine. Umesikia?"

"Umesukuma."

"Ndio. Mguu huu una nguvu. Mishipa haijakatika na ubongo haujaumia. Shida ni kwamba ukiutuma mguu, ujumbe haufiki sawasawa. Ni kama redio iliyohama stesheni, haijaungua. Kwa sababu hakuna kilichokatika, mguu unaweza kurudi, na tutaufundisha."

Mama anauliza alichokuwa amekibeba tangu asubuhi: "Kwa hivyo daktari, si mapepo?"

Usicheke, wala usitoe hotuba. Luo wana habari za juogi, Waluhya wana misambwa, yote yakiwa majina ya pepo na mizimu, na makanisa yana maombi ya ukombozi. Mama huyu amesikia shauri kutoka pande zote kabla hajapanda boda kuja kwako. "Mama, kuomba siwakatazi, na mchungaji akija akamwombee kwa upole ni sawa. Ninaloomba ni manne: asipigwe, asifungwe, asilazimishwe kufunga kula, na asikose siku ya mazoezi." Mchungaji au mzee anayeheshimiwa akikubali manne hayo, umepata mshirika. Ukimdharau, umempoteza mgonjwa, kwa maana yeye anaishi naye mtaa mmoja na wewe uko mbali.

Jamaa nao wana kazi. Tukio likitokea nyumbani, mtu mmoja akae naye, wengine warudi kwenye shughuli zao. Akitulia asipewe pole ya saa nzima wala asigombezwe. Pole wampe siku ambazo hajaanguka, waketi naye, wamuulize ameshindaje.

Hatua ya tano: tiba

Kwa mguu na mkono, mtaalamu wa viungo ndiye tegemeo. Mwandikie barua inayosema wazi kwamba udhaifu ni wa kiutendaji, kwa sababu mazoezi yake yanatofautiana na ya kiharusi. Mgonjwa hafundishwi kuukazia mguu macho. Anafundishwa kutembea huku mawazo yako kwingine: kurudi nyuma, kupanda ngazi akihesabu, kurusha mpira, kufuata wimbo. Fimbo na kiti cha magurudumu vitolewe kwa uangalifu sana na kwa muda, kwani vikishazoeleka huvuta ugonjwa urefuke.

Kwa degedege la mtengano, tiba ya mazungumzo inayofuata fikra na matendo humsaidia mtu kutambua ishara za mwanzo, kama moyo kwenda mbio, ganzi ya midomo au watu kuonekana wako mbali, na kuzikatiza kwa kugusa kitu cha baridi, kutaja vitu vitano anavyoviona, kupumua taratibu. Tusiahidi tusichokuwa nacho: jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 368, halikuonyesha kwamba tiba hiyo inapunguza idadi ya matukio kwa mwezi zaidi ya huduma nzuri ya kawaida baada ya mwaka mmoja. Lilichoonyesha ni kwamba maisha ya wagonjwa yaliboreka: usumbufu wao ulipungua, na shughuli zao ziliwaendea vizuri zaidi. Kwa mwanafunzi anayetaka kurudi darasani, hilo si dogo.

Dawa ni za ugonjwa ulioandamana. Mwenye sonona atibiwe sonona. Sindano za vitamini na dripu ya "kumpa nguvu" ziache. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani unazikataza kwa wagonjwa wa namna hii, na ni haki, kwa sababu kila dripu humwambia mgonjwa kwamba kuna kitu kilichopungua mwilini. Aliyekwisha wekwa kwenye fenobabitoni, dawa ya kifafa, kimakosa asiikatize ghafla. Kuikatiza huleta kifafa cha kweli. Punguza kwa wiki kadhaa chini ya ushauri wa anayejua.

Mpangie siku ya kurudi, isiyotegemea kama ameanguka au la. Mgonjwa anayeonwa tu akiwa taabani hujifunza kwamba taabu ndiyo tikiti ya kumwona daktari.

Na hiyo haiba ya kihistrioniki?

Sasa, baada ya kumfahamu mtu kwa miezi, na ukiwa umesikia kutoka kwa waliomjua tangu ujanani, swali la pili linaweza kuulizwa. DSM-5 inataka angalau ishara tano kati ya nane, zilizoanza mapema utu uzimani na kuonekana katika mazingira mengi: kukosa raha asipokuwa yeye anayetazamwa, kuvutia kimapenzi mahali pasipofaa, hisia zinazobadilika haraka bila kina, kutumia sura na mavazi kuvuta macho, maneno makubwa yasiyo na undani, kuigiza hisia, kushawishika upesi, na kuhesabu uhusiano kuwa wa karibu kuliko ulivyo. Na lazima yawe yamemvurugia maisha. Mtu mcheshi anayependa lesso za rangi kali na kicheko kikubwa hana ugonjwa.

Pia tujihoji wenyewe. Lebo hii imebandikwa wanawake kwa karne nzima na zaidi. Mwanamume wa mtaa wa Kondele, Kisumu, anayevunja viti akililia mke aliyemwacha huitwa mlevi au mwenye uchungu. Dada yake akilia vilevile huitwa histeria. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, halina tena kundi la haiba ya kihistrioniki. Linakutaka ueleze uzito wa tatizo la haiba, dogo, la kati au kubwa, na tabia zinazojitokeza zaidi. Mimi naona huo ni uungwana zaidi, na kwenye faili unasaidia zaidi.

Mwenye tatizo hili kweli anatibika kwa mazungumzo ya muda mrefu. Hakuna dawa maalum ya haiba. Kazi yako kliniki ni kuwa yuleyule kila mara. Muda wa miadi usiongezwe kwa machozi wala usipunguzwe kwa hasira. Namba yako ya simu ya binafsi ibaki yako. Akikusifu kuwa wewe ndiwe daktari pekee anayemwelewa, shukuru na urudi kwenye mpango. Akitishia kujidhuru, usiseme "anatishia tu." Mtu anaweza kutaka kuonwa na pia akafa.

Shuleni, wengi wakiugua pamoja

Oktoba 2023 wasichana zaidi ya 90 wa shule ya Eregi, Kaunti ya Kakamega, walipelekwa hospitalini, wengi miguu ikiyumba na kushindwa kutembea. Video zao zilizunguka nchi nzima, na wakuu wa elimu wakasema ni histeria ya kundi. Ng'ambo ya ziwa, Kashasha karibu na Bukoba, Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kuacha. Kufikia shule ilipofungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, na hakuna mwalimu hata mmoja.

Ukiitwa shuleni, anza na sumu na maambukizi: maji, chakula, moshi, dawa iliyopuliziwa shambani jirani. Chukua sampuli mara moja, ipasavyo, na useme hadharani majibu yatatoka lini. Wenye homa, shingo ngumu au fahamu zilizofifia wapelekwe hospitalini bila mjadala. Kinachoelekea kwenye chanzo cha kisaikolojia ni kuenea kwa kuonana na kusikiana, kuanza ghafla na kuisha ghafla, kurudi walioathirika wakikutana, na vipimo visivyoonyesha kitu.

Kisha watenganishe kwa utulivu katika vyumba tofauti. Ambulensi zenye ving'ora, kamera langoni na maombi ya kelele bwenini huongeza idadi ya wagonjwa kwa saa. Mwalimu mkuu awaambie wazazi habari moja, mapema, kabla ya uvumi wa majini. Asitajwe aliyeanza. Masomo, chakula na usingizi virudi katika ratiba. Halafu, wakishatulia, uketi nao kidogokidogo na uwaulize kuhusu shule yao. Mara nyingi utasikia juu ya adhabu, mitihani isiyokoma, kuamshwa saa kumi usiku, au hofu ya mtu fulani. Hayo yaandikwe na yafanyiwe kazi, kwa sababu wasichana wakirudi kwenye hali ileile, miguu itayumba tena muhula ujao.

Barua ya rufaa

Ukimpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ya Moi kule Eldoret, au hospitali ya kaunti iliyo karibu, barua yako itamtangulia. Andika ulichokiona: "Macho yamefumbwa, dakika 12, ishara ya Hoover ipo mguu wa kushoto, sukari 5.1, malaria hakuna, mimba hakuna." Andika ulichomweleza mgonjwa na kama alikubali. Andika dawa zote na kipimo chake. Usiandike "anaigiza," wala "anatafuta kutazamwa," wala jina la haiba yoyote. Siri aliyokuambia faraghani iandike tu kwa ruhusa yake, au pale sheria ya ulinzi wa mtoto inapokulazimu, katika karatasi iliyofungwa na si ile atakayoibeba shangazi mkononi ndani ya matatu. Mwisho weka jina lako na simu ya kituo, ili anayempokea akiwa na swali saa tatu usiku apate mtu wa kumjibu.